Fedha za maji na barabara: njia ya kufika Riyadh na Jeddah

Mamlaka ya maji ya mji wowote wa Afrika Mashariki inapotaka kuchimba mtaro wa kilomita chache hutumia makusanyo ya ankara za wateja wake. Inapohitaji chujio jipya, matangi makubwa na bomba kuu la kupandisha maji milimani, makusanyo hayo hayatoshi. Bajeti ya serikali nayo mara nyingi haitoshi. Hapo ndipo yanapoanza kutajwa majina ya miji miwili ya Saudi Arabia, Riyadh na Jeddah.

Kwa takriban nusu karne sasa, taasisi zenye makao katika miji hiyo zimekuwa zikikopesha nchi za Afrika Mashariki fedha za maji, barabara, umeme, shule na hospitali. Wananchi huzisikia siku ya kusainiwa kwa mkataba, mawaziri wanapopeana mikono mbele ya kamera. Kinachotangulia siku hiyo na kinachofuata baada yake hakijulikani sana, ingawa humo ndimo inamoamuliwa iwapo maji yatafika bombani au la.

Milango mitatu

Taasisi ya kwanza ni Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, ulioundwa kwa amri ya kifalme mwaka 1974 na kuanza kazi mwaka 1975. Makao yake yako Riyadh. Fedha zake ni za serikali ya Saudi Arabia peke yake, na mfuko huo hukopesha serikali za nchi zinazoendelea bila ya kuangalia dini wala bara.

Ya pili ni Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao Jeddah. Azimio la kuiunda lilitolewa katika mkutano wa mawaziri wa fedha wa nchi za Kiislamu uliofanyika mjini humo Desemba 1973, na ikafungua milango Oktoba 1975. Hii si benki ya nchi moja. Ina wanachama 57, na Saudi Arabia ndiyo mwanahisa mkubwa kuliko wote.

Ya tatu ni Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi wa Afrika, inayojulikana zaidi kwa ufupisho wake, BADEA. Iliamuliwa katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiarabu mjini Algiers mwaka 1973, ikaanza shughuli zake mwaka 1975 ikiwa na makao mjini Khartoum. Vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 viliilazimisha kuondoka katika mji huo, na shughuli zake zikahamia Riyadh.

Tarehe hizo hazikukaribiana kwa bahati tu. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa mwaka 1973, na nchi zilizokuwa zikiyauza zikajikuta na fedha nyingi. Nchi za Afrika zisizo na mafuta zilijikuta zikilipa zaidi kwa kila pipa. Kukopesha sehemu ya fedha hizo kulikuwa jambo la undugu, na kulikuwa pia jambo la siasa, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimevunja uhusiano na Israel katika kipindi hicho hicho.

Nani anaruhusiwa kubisha hodi

Milango hiyo mitatu haifunguki kwa watu wale wale, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Ili nchi iwe mwanachama wa benki ya Jeddah ni lazima kwanza iwe mwanachama wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC, ambayo makao yake makuu nayo yako Jeddah. Uganda iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 1974, wakati wa utawala wa Idi Amin, na haikutoka serikali zilipobadilika. Somalia, Djibouti, Komoro, Sudan na Msumbiji nazo ni wanachama. Kenya na Tanzania si wanachama, na kwa hiyo haziwezi kuomba mkopo wa kawaida wa mwanachama katika benki hiyo. Zinachoweza kupata jamii za Waislamu katika nchi kama hizo ni misaada midogo ya shule na zahanati.

Zanzibar ilijaribu kuuvuka mpaka huo. Desemba 1992, chini ya Rais Salmin Amour, visiwa hivyo vilijiunga na OIC peke yao, kwa matumaini ya kupata fedha za maendeleo. Swali lililozuka lilikuwa zito kuliko fedha zenyewe: je, sehemu moja ya Jamhuri ya Muungano inaweza kujiunga na jumuiya ya kimataifa ilhali mambo ya nje ni ya Muungano? Jibu lilikuwa hapana, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huo huo, wabunge 55 walileta hoja ya kudai serikali ya Tanganyika. Hivyo suala lililoanza kama njia ya kutafuta fedha liliishia kuutikisa Muungano wenyewe.

Kwa BADEA mambo ni kinyume. Benki hiyo inamilikiwa na nchi 18 za Kiarabu, na kazi yake ni kuzikopesha nchi 44 za Afrika zilizo nje ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinaruhusiwa. Somalia, Djibouti na Komoro haziruhusiwi, kwa kuwa zenyewe ni wanachama wa jumuiya hiyo.

Kwa ufupi, Uganda inaweza kubisha hodi katika milango yote mitatu. Kenya na Tanzania zina miwili, yote ya Riyadh. Somalia na Komoro nazo zina miwili, mmoja Riyadh na mmoja Jeddah. Afisa wa mipango asiyelijua hili anaweza kupoteza mwaka mzima akiandika maombi yasiyoweza kupokelewa.

Kalamu iko mikononi mwa nani

Taasisi hizi, katika miradi ya umma, hukopesha dola. Mkurugenzi wa mamlaka ya maji, gavana wa kaunti au mwenyekiti wa halmashauri hawezi kupanda ndege kwenda Riyadh na kurudi na mkopo. Anayesaini ni waziri wa fedha au mwakilishi wake, na anayedaiwa ni taifa zima.

Sheria za nchi zetu zinasisitiza jambo hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 212, inaruhusu kaunti kukopa ikiwa tu serikali kuu itadhamini mkopo huo na bunge la kaunti kuuidhinisha. Tangu mwaka 2013 huduma ya maji imekuwa jukumu la kaunti, lakini dhamana imebaki Nairobi. Nchini Uganda, ibara ya 159 ya katiba inataka mkopo wa serikali upitishwe na bunge. Nchini Tanzania, mwenye mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Jamhuri ya Muungano ni waziri wa fedha, na mikopo ya nje ya Zanzibar hupitia mkono huo huo.

Kwa sababu hiyo, safari ya kutafuta fedha za Riyadh au Jeddah huanzia nyumbani. Mamlaka ya maji huandaa andiko na kulipeleka wizara ya maji. Wizara hiyo hulipeleka wizara ya fedha, na humo mradi hushindana na mamia ya miradi mingine kuingia katika orodha ya vipaumbele vya taifa. Mradi usiokuwemo katika orodha hiyo haufiki popote, hata kama uhitaji wake unaonekana kwa macho.

Hatua za safari

Wizara ya fedha ikikubali, huandika barua rasmi ya maombi. Mfadhili hutuma ujumbe wa wataalamu kukagua mradi, na maswali yao hayabadiliki sana. Je, upembuzi yakinifu umefanyika? Chanzo cha maji kinatosha hata wakati wa ukame? Ardhi ya kitekeo, matangi na njia ya bomba imepatikana, na wenye mashamba wamelipwa fidia? Ankara zitakazokusanywa zitalipia umeme wa pampu na matengenezo?

Hufuata uamuzi wa bodi, kisha kusainiwa kwa mkataba. Hata baada ya kusainiwa, mkopo huwa bado haujaanza kutumika. Ni lazima mkataba uridhiwe kwa mujibu wa sheria za nchi, mwanasheria mkuu atoe maoni yake, na masharti ya awali yatimizwe. Ndipo hutangazwa zabuni ya mhandisi mshauri, na baadaye ya mkandarasi, kila moja ikihitaji ridhaa ya mfadhili.

Kwa kawaida wafadhili hawa hawagharimii mradi mzima. Serikali inayokopa hutakiwa kutoa mchango wake, na mara nyingi mchango huo ndio hulipa fidia na kodi. Mradi mkubwa hugawanywa baina ya wafadhili kadhaa: mfuko wa Saudia, BADEA, Mfuko wa Kuwait ulioundwa mwaka 1961, na Mfuko wa OPEC wenye makao Vienna. Barabara ya kilomita 135 kutoka Nuno hadi Modogashe, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni mfano wa mradi uliojengwa kwa fedha za wafadhili wa Kiarabu waliochangizana hivyo, wakiwemo mfuko wa Saudia na BADEA.

Kuchangizana huko kuna faida, kwa kuwa mzigo hugawanywa. Kuna gharama pia. Kila mfadhili ana mkataba wake, fomu zake na tarehe yake ya kufunga mkopo. Hati moja ya malipo ya mkandarasi inaweza kusubiri ridhaa za ofisi tatu au nne katika miji mbalimbali.

Nafuu na gharama yake

Masharti ya mikopo hii kwa kawaida ni nafuu kuliko ya benki za biashara. Muda wa kulipa ni mrefu, na katika miaka ya mwanzo mkopaji halipi mtaji.

Benki ya Jeddah haitozi riba, kwa kufuata sharia ya Kiislamu. Katika mikopo yake ya nafuu hutoza ada ya utawala tu. Kwa miradi mikubwa hutumia mikataba kama istisnaa, ambapo benki hugharimia ujenzi wa kitu mahususi na kukiuza kwa serikali kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, ikilipwa kidogo kidogo. Hutumia pia ijara, yaani kukodisha mali hadi deni litakapokwisha. Uganda imetumia fedha za benki hiyo kwa barabara ya Tirinyi, Pallisa na Kumi, na kwa njia ya umeme kutoka Opuyo hadi Moroto, katika eneo la Karamoja.

Mkopo usio na riba haukosi gharama. Riyali ya Saudia imefungamanishwa na dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986. Mamlaka ya maji hukusanya shilingi. Shilingi ikishuka thamani mbele ya dola, deni lililohesabiwa kwa riyali au dola huongezeka bila ya mtu yeyote kukopa tena.

Miaka ya kusubiri Same na Mwanga

Katika nyanda kame za Upare, kaskazini mashariki mwa Tanzania, mawingu huishia upande wa pili wa milima na wanawake wamezoea kutafuta maji kwa ndoo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 katika bonde la mto Pangani, haliko mbali. Wazo la kuyatoa maji yake na kuyapeleka Mwanga, Same na hadi Korogwe mkoani Tanga limekuwapo tangu katikati ya miaka ya 2000.

Fedha zilipatikana kwa njia iliyoelezwa hapo juu: mfuko wa Saudia, BADEA, Mfuko wa Kuwait, Mfuko wa OPEC, na mchango wa serikali ya Tanzania. Utekelezaji ulianza mwaka 2014, ukitarajiwa kuchukua miaka michache. Haikuwa hivyo. Kazi ilisuasua, mkataba wa mkandarasi ukavunjwa, mawaziri wakabadilika, na ahadi zikatolewa upya katika kila kampeni. Ni tarehe 9 Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua awamu ya kwanza, inayohudumia Same na Mwanga.

Mtoto aliyezaliwa Same wazo hilo lilipotolewa kwa mara ya kwanza alikuwa anakaribia miaka 20 siku maji yalipozinduliwa. Wafadhili wanne walikuwa wamekubali na mikataba ilikuwa imesainiwa. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni usimamizi wa kazi baina ya saini na bomba.

Jeddah yenyewe

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini. Historia ya mji unaohifadhi benki ya maendeleo inakanusha dhana hiyo.

Jeddah, bandari ya mahujaji, ilikuwa na kiu kwa karne nyingi. Mwaka 1947 Mfalme Abdulaziz alianzisha wakfu wa Ain al-Aziziya ili kuleta maji ya Wadi Fatima mjini humo. Baadaye ulikuja usafishaji wa maji ya bahari kwa fedha za mafuta. Maji ya kunywa ya Jeddah hutoka kwa sehemu kubwa katika mitambo ya Shuaiba, kusini mwa mji, na Riyadh hupokea maji ya Ghuba yanayosukumwa kwa mabomba kwa mamia ya kilomita kupitia jangwani.

Majitaka na maji ya mvua hayakupewa uzito huo. Mji ulikua haraka kuliko mabomba yake. Sehemu kubwa ya nyumba zilitegemea mashimo yaliyonyonywa na malori, na malori hayo yakamwaga uchafu mashariki mwa mji, mahali palipogeuka ziwa. Wakazi waliliita, kwa kejeli, Ziwa la Miski.

Tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji wakiwa wameanza ibada zao Makka, mvua ya saa chache iliishukia Jeddah. Zaidi ya watu 120 walikufa, wengi wao katika mitaa iliyojengwa ndani ya mabonde ya mafuriko. Mfalme Abdullah aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Mwanamfalme Khalid al-Faisal, gavana wa Makka. Amri ya kuiunda ilikiri kwamba mvua za namna hiyo hunyesha katika nchi zenye uwezo mdogo kuliko Saudi Arabia bila ya kuleta maafa ya kiasi hicho. Maafisa na wafanyabiashara kadhaa walifikishwa mahakamani, na baadhi yao walihukumiwa kwa hongo. Januari 2011, kabla ya kazi kukamilika, mji ulifurika tena.

Serikali ya mji wa Jeddah haikuwa na mamlaka ya kujitafutia fedha nje ya bajeti iliyopangwa Riyadh. Wakazi nao hawakuwa na njia pana ya kuuliza zilikokwenda fedha zilizotolewa: uchaguzi wa mabaraza ya miji ulifanyika mwaka 2005, 2011 na 2015, na katika chaguzi hizo si viti vyote vilivyopigiwa kura.

Mageuzi yamekuwapo. Kampuni ya Taifa ya Maji iliundwa mwaka 2008, ikaanza na miji ya Riyadh na Jeddah kwa mikataba ya uendeshaji na kampuni za Ufaransa. Ziwa la Miski lilikaushwa, na mabwawa na mifereji ya mvua ikajengwa. Siku hizi mitambo mipya hujengwa zaidi na kampuni binafsi zinazouza huduma kwa serikali kwa mikataba ya miaka 25, na mwaka 2021 uliundwa mfuko wa taifa wa miundombinu. Bado swali la nani alipe ni gumu. Bei ya maji ilipopandishwa mwaka 2016, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Mfalme Salman alimwondoa waziri wa maji mwezi Aprili mwaka huo.

Njia ya Tanga

Wapo wanaojaribu njia nyingine. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Mei. Wanunuzi walijitokeza kuzidi kiasi kilichotakiwa.

Riba hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko gharama ya mkopo wa Riyadh. Lakini deni ni la shilingi, na mamlaka yenyewe ndiyo iliyobeba kalamu. Njia hii inawafaa wenye vitabu safi vya hesabu na wateja wanaolipa. Mji mdogo ambao nusu ya maji yake hupotea njiani hautapata mnunuzi, na huo utaendelea kuitegemea serikali kuu na wafadhili wake.

Maswali ya kuuliza

Mkopo wa maji au barabara unapotangazwa, yapo maswali machache ambayo mwananchi, diwani au mbunge anaweza kuyauliza bila ya kuwa mtaalamu.

Je, mkataba umeridhiwa, na mkopo umeanza kutumika? Mchango wa serikali umo katika bajeti ya mwaka huu, na kiasi gani kimekwisha kutolewa? Fidia ya ardhi imelipwa? Tarehe ya kufunga mkopo ni lini, na kazi imefikia wapi? Je, serikali kuu imebeba deni lenyewe, au imeikopesha mamlaka ya maji, ambayo italipa kupitia ankara za wateja? Na mkandarasi akishindwa, nani ana wajibu wa kusema hivyo hadharani, na ndani ya muda gani?

Majibu ya maswali haya hayapatikani Riyadh wala Jeddah. Yamo katika majalada ya wizara za fedha, maji na ujenzi za nchi inayokopa, na raia atakayelipa deni hilo ana haki ya kuyaomba.